Uzi wa filamu za zamani: ulizotazama karibuni, zilizokushika na zilizokuchosha

Mleta uzi

Wakuu, salamu. Siku hizi nimerudi kwenye filamu za zamani, zile zinazotajwa kila mahali na zile zilizoanguka zilipotoka kisha zikaokolewa na watazamaji wachache waliozing'ang'ania. Naweka maoni yangu hapa, nanyi wekeni yenu. Nitataja miisho waziwazi, kwa hiyo kama kuna filamu hujaiona na unataka uhondo wake ubaki mzima, ruka aya yake.

Naanza na tarehe 25 Juni 1982. Siku hiyo, huko Marekani, ziliingia sinema kwa pamoja The Thing ya John Carpenter na Blade Runner ya Ridley Scott. Wiki mbili nyuma ilikuwa imeshaingia E.T. ya Steven Spielberg, na watu walikuwa wamejaa huko wakimlilia kiumbe mpole kutoka sayari nyingine. Carpenter akaja na kiumbe kinachomeza mbwa na kujigeuza mtu. Wakosoaji wakaichanachana, watazamaji hawakutokea wa kutosha. Blade Runner nayo ikadoda.

Nimeitazama The Thing upya, na bado sijaona filamu ya kutisha inayoifikia kwa namna inavyoipanga hofu. Chukueni kipande cha kupima damu. Wanaume wa kituo cha utafiti huko Antaktika wamefungwa kamba, maana yeyote kati yao anaweza kuwa si yeye tena. MacReady, anayechezwa na Kurt Russell, ana visahani vya damu ya kila mmoja na waya anaoupasha moto. Damu ya binadamu itachomeka tu na kunyamaza, ya kiumbe itajitetea. Anachovya waya: tss. Huyu mzima. Anachovya tena: tss. Anafika kwa Clark, ambaye yeye MacReady amempiga risasi muda si mrefu, na damu inanyamaza. Clark alikuwa binadamu. Childs anamwambia papo hapo kwamba basi yeye ni muuaji. MacReady hajitetei, anasema tu sasa zamu ya Palmer. Na hapo ndipo penye ustadi, kwa sababu akiwa na sahani ya Palmer mkononi anabishana na Garry, na sisi pia macho yetu yako kwa Garry, ndiye tunayemshuku. Waya unagusa damu wakati bado wanajibizana. Aliyeiona anajua kinachofuata.

Rob Bottin, aliyetengeneza yale maumbo ya kutisha, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na kazi yake inastahili kila sifa. Ila mimi hainirudishi ile nyama inayopasuka. Inanirudisha kwa sababu inakataa kusema nani aligeuzwa lini. Mwisho wake watu wawili wamekaa kwenye theluji, kituo kinaungua, hakuna anayemwamini mwenzake, na filamu imekwisha. Hoja yangu katika uzi huu ni hiyo. Filamu hizi zinazodumu zinajua kitu cha kumnyima mtazamaji, na zinamnyima kwa makusudi.

Ushahidi wa pili ni M ya Fritz Lang, ya 1931. Muuaji wa watoto yuko mjini. Mama ameandaa meza, anamsubiri binti yake Elsie arudi kutoka shule. Anachungulia ngazi, hakuna mtu. Anaita jina dirishani. Kisha Lang anatuonyesha ngazi tupu, dari yenye nguo zilizoanikwa, sahani ambayo haijaguswa, mpira unabingirika kutoka kichakani na kusimama, na puto limenasa kwenye nyaya za simu. Mauaji yenyewe hatuyaoni hata kidogo. Nimetazama filamu za miaka hii zinazomwaga damu ndoo kwa ndoo, na sikumbuki hata moja iliyonifanya nikose raha kama lile puto.

Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya Lang yenye sauti, na angalieni alivyoitumia sauti. Hakuna muziki wa kusindikiza. Kuna mluzi tu, kipande cha mtunzi wa muziki Grieg, ambao muuaji anaupiga tamaa inapomjaa. Peter Lorre, aliyemcheza, hakuweza kupiga mluzi, kwa hiyo unaousikia ni wa Lang mwenyewe. Na anayemgundua muuaji ni kipofu anayeuza maputo, kwa sababu aliusikia mluzi uleule siku Elsie alipopotea.

Haya, nawaachia uwanja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kwa hoja hiyo umeisahau Sholay. Mimi nimeirudia juzi, ile ya Ramesh Sippy ya 1975. Watu wanaikumbuka kwa nyimbo, kwa jambazi Gabbar Singh, na kwa urafiki wa Jai na Veeru. Lakini filamu nzima imejengwa juu ya jambo moja lililofichwa. Thakur, aliyekuwa polisi na ndiye anayewakodi Jai na Veeru wamkamate Gabbar, anatembea na shali mabegani tangu mwanzo. Majambazi wanavamia kijiji siku ya sikukuu ya Holi, bunduki iko chini karibu na miguu yake, Veeru na Jai wako hatarini, na yeye hainami kuiokota. Wale jamaa wanakasirika, wanataka kuondoka. Ndipo anapowasimulia familia yake ilivyoangamizwa na yeye mwenyewe alivyoangukia mikononi mwa Gabbar. Simulizi ikiisha upepo unaipeperusha shali. Hana mikono.

Filamu imekaa na siri hiyo muda mrefu mbele ya macho yetu na hatukuiona, kwa sababu Sanjeev Kumar, anayemcheza Thakur, anasimama kwa heshima kiasi kwamba shali inaonekana ni vazi la bwana mkubwa.

Mleta uzi

Kaka, hapo umenimaliza. Naongeza kitu kwenye simulizi hiyohiyo. Gabbar anawapiga risasi ndugu wa Thakur mmoja baada ya mwingine, na tunawaona wakianguka. Anapofika kwa mtoto mdogo, anainua bunduki, na Sippy anakata. Hatumwoni mtoto. Kisha Thakur anafika nyumbani, miili imefunikwa shuka nyeupe, bembea inalia, upepo unazifunua shuka moja moja. Shuka ya mtoto anaifunua yeye. Huyo ni mwongozaji anayejua wapi pa kuonyesha na wapi pa kuacha.

Jambo la kusikitisha ni mwisho. Mwisho uliopigwa kwanza, Thakur anamuua Gabbar kwa miguu yake, kwa viatu vyenye misumari. India ilikuwa chini ya Hali ya Hatari wakati ule, na bodi ya udhibiti haikutaka kuonekana aliyekuwa polisi akijichukulia sheria mkononi. Ikabidi kupigwa mwisho mwingine, polisi wanatokea na kumzuia Thakur dakika ya mwisho. Mimi mwisho ule wa awali ndio naukubali. Mtu aliyekatwa mikono hawezi kuambiwa asubiri taratibu baada ya saa tatu za kutuonyesha kilichompata.

Mchangiaji wa pili

Wakuu samahani, mimi nitakwenda kinyume. Blade Runner nimeijaribu na imenichosha. Mvua, taa, moshi, mtu anatembea. Nani anaielewa?

Mleta uzi

Hujakosea kuuliza, mkuu. Ila kwanza, ulitazama toleo lipi? Swali hili kwa Blade Runner lina uzito kuliko kwa filamu nyingine karibu zote. Toleo la 1982 lina sauti ya Harrison Ford inayoeleza kila kitu, anafikiri nini, anahisi nini, na mwisho wake ni wa furaha, gari linapita milimani. Ile milima si hata yao, ni vipande vilivyobaki kwenye The Shining ya Stanley Kubrick. Mwaka 1992 likatoka toleo jingine, sauti ikaondolewa, mwisho wa furaha ukaondolewa, ndoto ya farasi mwenye pembe moja ikaingizwa. Mwaka 2007 Scott akatoa toleo lake la mwisho, na hilo ndilo nakushauri.

Kuondoa ile sauti kumeigeuza filamu nzima. Kwenye paa, Roy Batty, binadamu wa kutengenezwa, anakufa mvuani mbele ya Deckard, yule wa Ford aliyekuwa akimwinda, na sekunde chache kabla Batty ndiye aliyemwokoa Deckard. Rutger Hauer, anayemcheza Batty, mwenyewe aliyapunguza maneno ya muswada na kuongeza yale ya machozi yanayopotea kwenye mvua. Katika toleo la 1982, Batty akishafumba macho, sauti ya Deckard inaingia kutueleza labda kwa nini alimwokoa. Katika matoleo ya baadaye kuna uso wa Ford umelowa, na basi. Kama ulitazama lenye maelezo, jaribu hilo lingine kabla hujalihukumu.

Philip K. Dick, aliyeandika hadithi iliyozaa filamu hiyo, alifariki Machi 1982, miezi michache kabla haijaingia sinema. Nikiwaza hilo naumia.

Mchangiaji wa tatu

Naheshimu hoja ya kuficha, lakini si sheria. The 36th Chamber of Shaolin ya 1978 haifichi chochote, na ni filamu kubwa. San Te anaingia hekalu la Shaolin, ambako kila chumba ni hatua ya mafunzo ya kupigana, na anataka kujifunza haraka akalipize kisasi. Anaanzia chumba cha juu kabisa kwa kiburi, hakiwezi, anarudi kuanza chini. Halafu mwongozaji Lau Kar-leung anatuonyesha kila hatua. Kubeba ndoo za maji mikono ikiwa imenyooka, na visu vimefungwa chini ya mikono ili akiishusha tu vimchome. Hakuna siri, kuna jasho.

Mleta uzi

Nakubali nguvu yake, na sitaki kuilazimisha iingie kwenye hoja yangu. Gordon Liu, anayemcheza San Te, anavyobadilika mbele yetu, kuanzia uso mpaka namna anavyosimama, ni kitu ambacho huwezi kukikata kwa uhariri. Filamu za siku hizi mazoezi yanapita kwa wimbo mmoja wa dakika mbili, staringi ameshakuwa bingwa. Pale mazoezi ndiyo hadithi yenyewe. Kisasi kinapofika kinapita haraka, na mimi naona ni sawa kabisa.

Mchangiaji wa nne

Night of the Living Dead, George Romero, 1968. Nimeitazama na kijana wangu ambaye amezoea mazombi wanaokimbia. Alinyamaza mpaka mwisho, baada ya hapo akaniuliza, "Kwa nini wamempiga yeye?" Sikuwa na jibu la haraka.

Mleta uzi

Kijana wako ameuliza swali lenyewe. Ben anachezwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi, mhusika mkuu na mtu mwenye akili kuliko wote kwenye ile nyumba waliyojifungia kujikinga na mazombi. Muswada haukumwandika kuwa mweusi, na hakuna mhusika hata mmoja anayetamka neno kuhusu rangi yake. Martin Luther King aliuawa Aprili mwaka huohuo, filamu ikaonyeshwa Oktoba. Ben anavuka usiku mzima, anabaki peke yake, asubuhi wanakuja wanaume wenye bunduki na mbwa kusafisha eneo, wanamwona dirishani, wanampiga risasi ya kichwa. Kisha zinakuja picha za mnato, zenye chembechembe kama za gazeti, mwili wake unaburutwa kwa ndoano za nyama. Filamu haisemi lolote. Kila mtazamaji wa wakati ule alijua picha za namna hiyo alishaziona wapi.

Kuna jingine ambalo wengi hulipita. Usiku kucha Ben anagombana na Harry Cooper. Cooper anasema tujifungie chini kwenye sehemu ya ghala, Ben anasema chini ni mtego wa kifo. Sisi tunamuunga mkono Ben, kwa sababu Cooper ni mwoga na mbinafsi. Mwishoni Ben anaponea wapi? Chini. Romero amempa mtu mbaya jibu sahihi, wala hakuna anayesimama kututajia hilo.

Na ilivyosambaa ni kisa kingine. Jina la awali lilikuwa jingine, lilipobadilishwa, alama ya hakimiliki ikaachwa nje ya nakala. Kwa sheria za Marekani za wakati ule, filamu ikawa mali ya umma. Watengenezaji walipoteza fedha nyingi, ila kila aliyetaka kuionyesha aliionyesha, vituo vya televisheni, kumbi za usiku wa manane, kila mahali.

Mchangiaji wa nne

Asante mkuu. Nitamwonyesha aya hii. Tukiachana na za kutisha, ipi ningemwanzishia nayo?

Mleta uzi

12 Angry Men, Sidney Lumet, 1957. Dakika 96, karibu zote ndani ya chumba kimoja, wanaume kumi na wawili wa baraza la mahakama wanaamua kama kijana ahukumiwe kifo kwa mauaji. Kumi na mmoja wanasema ana hatia, mmoja anasema tuzungumze kwanza.

Mwambie aitazame dari. Hii ilikuwa filamu ya kwanza ya Lumet, na aliipangia kamera kwa hesabu: sehemu ya kwanza iko juu ya usawa wa macho, ya kati iko usawa wa macho, ya mwisho iko chini. Lenzi nazo zinazidi kuwa ndefu, ukuta unawasogelea. Mwanzo chumba kinaonekana cha kawaida, mwisho dari imewaangukia na hujui ilianza lini. Halafu kile kipande cha mzee wa baraza wa kumi anapomwaga chuki yake dhidi ya "watu wa aina hiyo". Mmoja anainuka mezani na kumpa mgongo. Mwingine anainuka. Yeye anaendelea kuongea, sauti inapungua, anaomba asikilizwe, na anazungumza na migongo.

Na kama kijana aliua au hakuua, filamu haitamki. Ukiangalia ushahidi bila huruma, inawezekana kabisa aliua. Wale watu hawakuthibitisha kwamba hana hatia, walithibitisha kwamba hawana hakika. Zungumza naye kuhusu hilo baada ya kutazama.

Kinyume chake ni Psycho. Naipenda, lakini dakika za karibu na mwisho, yule daktari wa akili anaposimama kutuchambulia muuaji Norman Bates kama somo la darasani, hunitoa kabisa. Alfred Hitchcock alikuwa ameshatuonyesha yote.

Mchangiaji wa tano

Jamani, hakuna aliyetaja filamu hata moja ya Afrika. Touki Bouki, Djibril Diop Mambéty, Senegal, 1973. Mory na Anta wanataka kwenda Ufaransa. Wanazunguka Dakar kwenye pikipiki yenye fuvu la ng'ombe mbele, pembe zimetanuka, na wimbo wa Josephine Baker kuhusu Paris unarudiwa rudiwa mpaka jina la mji lenyewe linakuchosha. Mambéty hakusomea filamu chuoni, alitoka kwenye jukwaa la maigizo, na unaona hakuna aliyemfundisha kwamba jambo fulani haliwezekani. Anakata kutoka machinjioni kwenda baharini na kurudi, na unaelewa kwa mwili kabla ya kichwa.

Mleta uzi

Dada, ubarikiwe kwa kuileta. Mwisho wake ndio naubeba. Wamepata fedha, wamepata nguo, wako bandarini. Anta anapanda meli. Mory anafika kwenye ngazi, anasimama, anageuka, anakimbia kurudi mjini. Hakuna hotuba. Hatuambiwi ni woga, ni mapenzi ya nyumbani, au ni ile pikipiki yake. Meli inaondoka na Anta. Filamu ngapi za safari ya Ulaya zingemwacha mtu akimbie bila kumlazimisha ajieleze?

Kwa wanaoitafuta, kuna nakala iliyokarabatiwa mwaka 2008 kupitia mradi ulioanzishwa na Martin Scorsese. Tafuteni hiyo, rangi zake zimerudi.

Mchangiaji wa sita

Seven Samurai ina saa tatu na nusu. Ina thamani ya muda huo au watu wanaogopa kusema ni ndefu mno?

Mleta uzi

Ni dakika 207 na sitakata hata moja. Akira Kurosawa anatumia saa ya kwanza kutafuta watu saba wa kulinda kijiji dhidi ya majambazi, kwa hiyo vita vinapofika unamjua kila anayesimama kwenye matope. Kambei, kiongozi wa samurai, ana karatasi yenye viduara, kila jambazi akifa anafuta kimoja, na wewe unahesabu naye. Samurai wanne wanakufa, wote wanne kwa risasi. Hakuna anayeuawa kwa upanga. Kurosawa hakuweka mhusika wa kutueleza maana ya hilo.

Ukiona unachoka, ngoja ufike pale Toshiro Mifune anapoleta silaha na mavazi ya vita ambayo wanakijiji waliwapora samurai waliouawa. Wenzake wanakasirika. Yeye anawageukia: ndiyo, wakulima ni waongo, wachoyo, wauaji, na aliyewafanya hivyo ni nani? Nyinyi. Mnachoma vijiji vyao, mnachukua chakula chao na wanawake wao. Hapo ndipo Kambei anapotambua kwamba huyu mtu alizaliwa mkulima. Ikifika hapo na bado imekuchosha, izime, sitakulaumu.

Mchangiaji wa saba

Mimi naleta The Night of the Hunter, 1955, ile pekee aliyoiongoza Charles Laughton. Robert Mitchum ni mhubiri wa uongo mwenye maneno ya upendo na chuki yaliyochanjwa vidoleni, anawawinda watoto wawili kwa ajili ya dola 10,000 zilizofichwa ndani ya mwanasesere. Kwangu ni ya kutisha na nzuri mpaka watoto wanapofika kwa yule mama mzee, Lillian Gish. Baada ya hapo inakuwa tamu mno, Krismasi, zawadi. Nashangaa wanaoiita kamilifu.

Mleta uzi

Hapo tutapishana, mkuu, kwa sababu sehemu ya Gish ndiyo iliyonishika zaidi. Rudia ule usiku. Mhubiri amekaa nje kwenye kisiki, anaimba wimbo wake wa dini, ule wa kuegemea kwa Mungu. Ndani, mama mzee yuko kwenye kiti cha kubembea, bunduki mapajani. Badala ya kumnyamazisha, anaimba naye. Wimbo uleule, ila yeye anatia jina la Yesu mahali ambapo mhubiri hulitaji. Waovu na wema wanaimba pamoja, na tofauti yao ni neno moja. Kisha binti anaingia na mshumaa, mwanga unaziba dirisha, mama anaupuliza, na nje hakuna mtu kwenye kisiki.

Na huo utamu unaousema una uchungu ndani yake. Polisi wanapomlaza mhubiri chini, John, yule mtoto wa kiume, anaona kama baba yake anakamatwa upya, kwa namna ileile. Amebeba siri ya zile fedha filamu nzima, hakuisema alipotishiwa kisu. Sasa anamchukua mwanasesere, anampiga naye mhubiri mgongoni mpaka noti zinamwagika, analia kwamba hazitaki, azichukue. Mtoto aliyepitia hayo anastahili Krismasi nyumbani kwa mtu atakayemfungia mlango. Laughton angemnyima hilo kwa sababu gani? Watazamaji wa 1955 waliikataa filamu hii, na hakupata kuongoza nyingine mpaka alipofariki mwaka 1962. Hilo mimi nalihesabu kuwa hasara kubwa kuliko zote tulizozitaja humu.